Kumi na Nne Juu ya Ishirini

Mwalimu Constantin Mwenze alimpa Adalbert Numbi alama kumi na nne juu ya ishirini, na Adalbert akaitazama ile namba muda mrefu, kana kwamba ingeweza kufutika. Katika miezi saba ya masomo ya jioni hakuwahi kuvuka tisa.

Karatasi yenyewe haikuwa insha. Ilikuwa maelezo ya ajali. Siku nne kabla, katika kiwanda kidogo cha sabuni kando ya reli, magadi yaliyokuwa yakichemka yalipita kwenye robinet, ile koki kubwa iliyo chini ya pipa, yakamkuta Musonda ndani ya shimo akisafisha mfereji. Musonda alikufa siku ya pili hospitalini. Wafanyakazi wengine waliulizwa kwa mkalimani, wakatia dole gumba. Lakini Adalbert, ambaye ndiye aliyekuwa na zamu ya robinet, alimwambia karani mzungu kwamba yeye anasoma masomo ya jioni na ataandika mwenyewe, kwa Kifaransa. Karani alicheka, akampa karatasi mbili: moja ya kujaribia, moja ya kurudisha.

Basi saa kumi na moja jioni, wenzake walipokuwa wakinakili ubaoni, Adalbert alisimama kando ya meza ya mwalimu, mikono mgongoni kama mtoto, naye alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto wawili. Constantin alichukua penseli nyekundu.

"Hapa ulisahau e. Hapa verbe, neno ya kitendo, haisikilizane na mwenyewe. Hapa tena." Penseli ilishuka mstari kwa mstari, kisha ikasimama. "On m'a dit de laisser ouvert le robinet. Walisema niache robinet wazi." Constantin aliinua macho. "Kila mara on, on. Ile on iko nani?"

Adalbert alitazama dirisha. "Iko… bantu ya kazi, mwalimu."

"Bantu gani? Nilibaambia mara ngapi? On ni neno ya muntu mwenye kujificha. Muntu wa masomo anasema je: mimi nilifanya, mimi niliona. Ao unaandika jina ya ule alikuambia, ao unatosha on, unaikata."

"Niandike jina?"

"Njo vile."

Jina lilikuwa la Bwana Claes, msimamizi wa kiwanda, na karatasi ilikuwa inakwenda ofisini kwa Bwana Claes huyohuyo.

"Tutoshe on, mwalimu."

Constantin aliikata sentensi kwa mstari mwekundu, na juu yake akaandika: J'ai laissé le robinet ouvert. Niliacha robinet wazi. Ilikuwa fupi na safi, haina kosa hata moja. Pembeni akaandika, kama alivyokuwa akiandika kwenye karatasi za wote, Qui est on?, yaani on ni nani? Halafu akatia alama. Alikuwa ameisoma karatasi tangu mwanzo hadi mwisho, na lau mtu angemsimamisha mlangoni na kumuuliza ilihusu nini, asingeweza kueleza. Alikuwa akitafuta makosa.

Adalbert alinakili yote kwa mwandiko wake mzuri zaidi, akatia sahihi kwa jina kamili, na kesho yake akairudisha.

Jumapili ya pili, Constantin na mkewe Laurentine walikuwa mezani nyumbani kwao, katika commune ya Kenya, mtaa wa weusi wa mji ule, wakijizoeza kula. Hapakuwa na chakula. Kulikuwa na sahani tupu, uma, visu na vitambaa vilivyokunjwa pembe tatu.

"Uma, kushoto," Constantin alisema.

"Ninajua."

"Sasa wanakuuliza: Madame, wageni wakifika, unawapa nini kwanza?"

Laurentine alijibu kwa Kifaransa polepole, akiwa amekaza mgongo. Baada ya wiki tatu tume ya immatriculation ingekaa na kuamua kama nyumba hii inastahili ile kadi ambayo ilimfanya Mwafrika ahesabiwe mbele ya sheria karibu kama mzungu. Tayari mama mmoja wa kizungu alikuwa amekuja kukagua. Alifunua sufuria zote, akainua godoro, akanusa mashuka, akamuuliza Laurentine mbele ya majirani waliojaa dirishani kama huwa anaoga kila siku. Laurentine alijibu, "Oui, Madame," akatabasamu, na mgeni alipoondoka alikwenda kujifungia chooni. Alivumilia kwa ajili ya binti yao, Marie-Thérèse, ili siku moja aombewe nafasi katika shule ya masista walikokuwa wakisoma watoto wa wazungu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Brigitte, mke wa Adalbert, na mtoto mgongoni.

"Jambo yenu, baba mwalimu. Jambo, mama."

"Eyo, mama. Karibu. Kaa."

Brigitte hakukaa. Aliiona meza, uma na vitambaa, akarudi nyuma hatua moja kama aliyeingia kanisani na miguu michafu. "Munakula. Nitarudia."

"Hatuko tunakula," Laurentine alisema.

"Bwana yangu banamukamata. Alhamisi. Balisema yeye njo aliua Musonda. Banasema aliandika yeye mwenyewe, na mukono yake." Alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ya kujaribia. "Aliiweka mu sanduku sababu ya namba. Alikuwa anaonyesha kila muntu. Baba mwalimu, miye siyui kusoma. Unisomee. Nijue alisema nini."

Constantin aliifungua. Alianza kwa Kifaransa, na Brigitte akatikisa kichwa.

"Mu Kiswahili, baba."

Basi akaisoma kwa Kiswahili. Jina lake, kazi yake, siku na saa. Musonda alikuwa anasafisha mfereji. Halafu akafika kwenye mstari mwekundu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Niliacha robinet wazi," na alipoyasikia maneno hayo kwa Kiswahili, ndani ya chumba chake, mbele ya mwanamke huyu, akaishusha karatasi.

"Ni Adalbert alisema vile?" Brigitte aliuliza.

"Hapana."

"Ni nani?"

Brigitte akasogea, akaweka kidole kwenye maneno yaliyokatwa. "Na hii ya chini ya mustari, inasema nini?"

"Inasema… walimwambia aiache wazi."

"Na hii mwekundu ya kando?"

"Inauliza nani alimwambia."

"Ni Bwana Claes, Adalbert aliniambia. Na hii namba?"

"Ni alama, mama. Alama ya masomo. Kumi na nne juu ya ishirini."

"Iko mingi?"

"Iko mingi," Constantin alisema.

Brigitte aliichukua karatasi kutoka mkononi mwake, akaikunja tena mara nne. Hakulia wala kumlaumu. Alisema tu kwamba kapita, mnyapara wa kambi ya wafanyakazi, amemtaka atoke katika nyumba ya kazi kabla ya Ijumaa, maana nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi sasa yuko buloko, gerezani. Kisha akaaga vizuri, kwanza mwalimu, halafu mkewe.

"Huendi popote," Laurentine alisema mlango ulipofungwa.

"Sijasema kitu."

"Ninakujua. Utaenda kusema kosa ni yako. Na tume iko wiki tatu. Miezi munane, Constantin! Miezi munane bananifundisha kutembea, kukaa, kucheka. Ule mama alinusa mashuka yangu."

"Ni sentensi yangu, Laurentine. Siyo yake."

"Yeye alitia sahihi. Muntu mukubwa. Hakuona?"

"Aliona ni mwalimu aliandika."

Laurentine alianza kukusanya uma na visu kwa kelele. "Na ule Bwana Claes? Yeye atasema kosa ni yake? Hata! Wewe peke yako ndiye utasema, na wewe peke yako utalipa. Na mutoto."

Ijumaa Laurentine alitia unga kwenye bakuli, akafunika kwa kitambaa, akaenda kambini bila kumwambia mumewe. Alimkuta Brigitte ameketi nje juu ya kitanda cha chuma. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimewekwa kwenye vumbi, na mke wa mfanyakazi mpya alikuwa ndani akifagia. Watoto wawili walikuwa wakimwangalia yule mwanamke anavyofagia nyumba yao. Majirani walipita mbali kidogo. Ndugu wa Musonda walikuwa wamesema kwamba atakayempokea Brigitte atakuwa amempokea muuaji.

"Utaenda wapi?" Laurentine aliuliza.

"Lukafu, kwa mama yangu. Nikipata camion ya kunipeleka."

Laurentine alimwachia unga pamoja na bakuli. Aliporudi nyumbani aliwasha makaa, akayatia kwenye pasi, akalitoa koti jeusi la Constantin, lile alilokuwa ameliweka kwa siku ya tume, akalipiga pasi mbele na nyuma, mikono na kola. Constantin alikuja akasimama mlangoni.

"Ni ya nini?"

"Utaenda kwa hakimu na koti ya kukunjika?" alisema, bila kuinua kichwa.

Kwanza Constantin alikwenda kwa Padri Mkuu wa shule, kwa sababu mwalimu hakuweza kwenda serikalini bila kupitia kwake. Padri alimsikiliza, akaisoma karatasi ambayo Constantin alikuwa ameiazima kwa Brigitte, akavua miwani.

"Sentensi yako ni sahihi," alisema kwa Kifaransa. "Hata mimi ningekata ile on. Sioni ulikosea wapi."

"Maana yake imebadilika, Padri."

"Maana ni kazi ya aliyeandika. Wewe ulitazama lugha." Padri alifungua mtoto wa meza, akagusa jalada la kijani. "Faili yako ya immatriculation iko hapa. Sahihi yangu imo ndani. Nimeandika: anakijua Kifaransa vizuri kabisa. Nitakuombea, Constantin. Wewe pia omba. Halafu rudi darasani."

Constantin alisema asante. Alirudi darasani mpaka kengele ya mwisho, kisha akaenda ofisi ya mashtaka na ile karatasi mfukoni. Alisubiri kwenye benchi la nje hadi walipofunga. Kesho yake akasubiri tena. Siku ya tatu karani aliichukua karatasi, akaandika jina lake, akamwambia afike siku ya kesi.

Mahakamani, wazungu walikaa kwenye viti vya mbele, Bwana Claes kati yao, kofia juu ya goti. Weusi walisimama nyuma. Adalbert aliletwa pekupeku, kichwa kimenyolewa. Alipomwona mwalimu wake aliinamisha kichwa kwa adabu, kama alivyofanya kila jioni alipoingia darasani.

Hakimu alikuwa na karatasi zote mbili mbele yake, safi na yenye wekundu. Alimwita Constantin na kumtazama koti.

"Wewe ndiye uliyesahihisha?"

"Ndiyo, Bwana Hakimu."

"Unafundisha Kifaransa tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Hapa mshtakiwa aliandika: waliniambia niache robinet wazi. Wewe ukaandika: niliacha robinet wazi. Je, sentensi hizi mbili zina maana moja?"

"Hapana, Bwana Hakimu."

"Mtu aliyefundisha miaka kumi na mmoja anaijua tofauti hiyo?"

Constantin alizitazama zile karatasi mbili.

"Nitakusaidia," hakimu alisema, kwa upole. "Kuna njia mbili. Ya kwanza: unakijua Kifaransa. Basi uliibadilisha maana kwa makusudi, au leo umekuja kunidanganya ili kumwokoa rafiki yako, na nitakuwa na neno na wewe pia. Ya pili: hukijui. Basi ulikosea, na karatasi ya kwanza ndiyo maneno ya mshtakiwa. Ni ipi?"

Nje gari-moshi lilipita, na hakimu akangoja kelele ziishe. Constantin alimwona Padri Mkuu amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono imefichwa katika kanzu. Akafikiri kwamba kuna jibu la tatu: kwamba anakijua Kifaransa, na kwamba ndiyo sababu alikosea, kwa kuwa aliitazama sentensi na hakumtazama mtu. Aliitafuta namna ya kulisema hilo kwa maneno yasiyo na kosa. Hakimu aligonga meza kwa ncha ya kalamu.

"Sikijui Kifaransa, Bwana Hakimu," Constantin alisema.

"Sema kwa sauti, karani aandike."

"Sikijui Kifaransa. Sikijui vya kutosha."

Mtu mmoja mbele alicheka puani. Karani akaandika. Hakimu akamgeukia Adalbert na kumuuliza, kwa mkalimani, "Waliokuambia ni akina nani?"

Adalbert alimtazama Bwana Claes, na Bwana Claes akatazama kofia yake.

"Bwana Claes," Adalbert alisema. "Na tena miye nilimu…"

"Jibu ulichoulizwa tu," mkalimani alimkatiza, na hakimu alikuwa ameshaanza kuandika.

Bwana Claes aliitwa. Alisema hakumbuki kutoa amri kama hiyo, ila siku zile kazi ilikuwa nyingi. Akaruhusiwa kukaa. Mshtaki alikuwa ameomba miaka miwili. Hakimu alimpa Adalbert miezi minane, kwa sababu, alisema, mkono uliokuwa kwenye robinet ulikuwa wake.

Jibu la tume lilifika kabla ya siku iliyopangwa ya tume. Lilikuwa mstari mmoja wa mashine: mwombaji mwenyewe amekiri mbele ya mahakama kwamba Kifaransa chake hakitoshi. Laurentine aliomba asomewe mara mbili. Kisha alivifunga uma na visu katika gazeti, akaviweka juu ya kabati, akaenda kuteka maji.

Shuleni Constantin alipewa darasa la kwanza, watoto wanaoanza kushika chaki. Masomo ya jioni yalipewa mwalimu mwingine, Clément Mutale, kijana aliyetoka normale, chuo cha ualimu, mwaka uleule. Wanafunzi wa zamani walipokutana na Constantin njiani walimsalimu vizuri, lakini mmoja wao, fundi wa viatu, alimuuliza waziwazi, "Sasa mwalimu, ile yote ulitufundisha, ilikuwa nini?" Constantin alisema ilikuwa Kifaransa. Fundi alitikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Marie-Thérèse aliulizwa na wenzake kama ni kweli baba yake hajui kusoma.

Adalbert alitoka buloko wakati wa mvua. Alikuja saa za mchana, siku ya Jumamosi, amekonda, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Laurentine alimpa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akala yote bila kusema neno, akanawa mikono.

"Sikuje kusema aksanti," alisema.

"Ninajua," Constantin alijibu.

"Na sikuje kusema mubaya. Niko na mukanda, barua ya kuandika. Kwa muke wa Musonda, mama Agnès. Iko Kilwa ya huku kwetu, ku ziwa. Siku ile alikuwa kule kwao juu ya kuzaa. Balimuandikia tu: ajali ya kazi. Hakuna muntu alimuambia bwana yake alikufa namna gani."

"Tuandike mu Kifaransa?" Constantin aliuliza, na papo hapo akaona haya.

"Atasomewa na nani, kule? Mu Kiswahili. Na uandike vile ninasema."

Constantin alitandaza karatasi, akachovya kalamu. Adalbert aliegemeza viwiko magotini na kuongea akiutazama mlango.

"Andika: Mama Agnès, miye njo Adalbert Numbi, wa robinet. Andika: Bwana Claes aliniambia niache robinet wazi. Miye niliiacha wazi. Andika yote mbili."

"Ninaandika."

"Andika: nilimuambia Bwana, muntu iko mu shimo. Nilimuambia mara mbili. Akasema, acha, atatoka. Nikamuita Musonda. Mashini ilikuwa na kelele, hakusikia. Nikaacha."

Kalamu ilisimama. Laurentine, aliyekuwa akikusanya sahani, naye akasimama.

"Ulimuambia muntu iko ndani," Constantin alisema polepole. "Ile haukuiandika mu karatasi ya kazi. Hata miye haukuniambia."

"Sikujua namna ya kuisema mu Kifaransa," Adalbert alisema. "Nilijaribu mara tatu pale nyumbani. Ilikuwa na verbe mingi. Nikaona ungehesabia makosa, nikaitosha. Kwa hakimu nilitaka kuisema, bakanikataza."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati, na Laurentine akaenda kufunga dirisha. Constantin akainama, akaandika kwamba alimwambia mara mbili, kwamba mashine ilikuwa na kelele, kwamba Musonda hakusikia. Adalbert alingoja mpaka kalamu ilipotulia. Halafu akaendelea, na mwalimu akaandika kila neno.